Milimita Mbili

…na usiondoe mguu kwenye breki mpaka nikwambie, mzee, amesema Sufiani fundi, kisha akapotea nyuma ya gari na nimebaki na sauti yake tu na mlio wa jeki inayoshuka, kri, kri, kri, taratibu, kama vile karavani lenyewe, hii nyumba ya kuvutwa na gari, linasitasita kuja, na mimi simharakishi, mguu uko hapa, nimekanyaga mpaka goti linauma, hendibreki nimevuta, mawe mawili yako nyuma ya matairi, pikapu haiendi popote, lakini mguu nimeukaza kana kwamba nazuia mlima usiporomoke, na mlima wenyewe huo hapo, ndani ya kioo cha pembeni, hiki kioo kipya kirefu tulichokifunga juzi kwa sababu karavani ni pana kuliko gari na bila kioo kirefu dereva haoni kitu nyuma isipokuwa ukuta mweupe… sasa kinanionyesha kila kitu kwa pamoja, kona ya karavani, uwanja wa karakana hapa Kihonda, oili nyeusi kwenye mchanga, Magreth mke wangu kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya paa la bati, na juu ya kichwa chake Uluguru nzima, kijani kibichi chini, kijani cheusi juu, wingu moja limekaa kileleni Bondwa kwenye ile minara na halijatikisika tangu tulipofika asubuhi, vyote hivyo vimeingia kwenye kioo kisichozidi sinia ya chai, na mimi miaka thelathini na minne nakaa Morogoro, nimekuja kijana kutoka Songea kuendesha trekta la miwa, nikaoa hapa, nikazaa hapa, nikazeeka hapa, na sikumbuki hata siku moja kuutazama mlima huu zaidi ya kuangalia kama mvua inakuja… Unaona mgongo tu, Magreth huniambia, ninyi watu wa mjini mnaona mgongo wa mlima mnadhani ndio mlima, mimi nimezaliwa upande wa uso, na kweli amezaliwa Matombo, upande ule jua linakotokea, na miaka mitano sasa amelala kitandani nyumbani kwetu, dirisha linatazama mgongo, na upande wa pili wa mlima huohuo mama yake, Bibi Winfrida, naye amelala kitandani tangu avunjike nyonga, wanawake wawili wamelala, mmoja huku mmoja kule, mlima katikati, wanapigiana simu kila jioni baada ya rozari, mama anamuuliza mtoto umekula nini, mtoto anamuuliza mama umekula nini, halafu wananyamaza wote, simu iko wazi, hakuna anayekata… nimewasikia wakinyamaza hivyo dakika kumi nzima, nikasimama mlangoni na sufuria mkononi, nikashindwa kuingia.

Shusha kidogo tena, anasema Sufiani, anajiambia mwenyewe, jeki anaishusha yeye, kri, kri, na mimi kwenye kioo naona Magreth amenyoosha shingo kufuata kichwa cha karavani kinavyoshuka, amejifunga kitenge cha safari kile cha bluu, mwenyewe alikichagua jana akasema nikipige pasi, na daktari alishasema akae nusu saa, isizidi, zaidi ya hapo uti wa mgongo unawaka moto, alisema hivyo, unawaka moto, na mimi nimeuona huo moto, mwaka wa tatu tulipokodi gari dogo tukasema tutajikaza tu, Matombo si mbali, tukafika Mkuyuni akaniambia geuza, hakulia, alisema geuza kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, nikageuza, na njia nzima ya kurudi alikuwa ameshika mkono wa mlango hata vidole vikawa vyeupe, tulipofika nyumbani akasema basi, nimefuta, nisiambiwe tena habari ya Matombo… na akafuta kweli, mwaka mzima hakutaja, mpaka siku ile ya mwezi wa nane aliponiita kutoka kitandani, Baba Oscar, Baba Oscar, njoo haraka, nikakimbia nikidhani ameanguka, kumbe anatazama dirishani barabara ya Iringa, kumepita gari la wageni linaelekea Mikumi limefunga nyumba nyeupe nyuma yake ina pazia na mlango, akaniambia, Baba Oscar, nimeona watu wanavuta kitanda. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, wanavuta kitanda, Baba Oscar, wakichoka wanasimama wanalala, nusu saa barabarani, saa moja kitandani, nusu saa tena, unafikiri kutoka hapa mpaka Matombo kuna nusu saa ngapi… na nilikwenda nje nikakaa kwenye kizingiti, maana nilikuwa nimeshahesabu, mtu aliyepita njia ile miaka kumi na kitu na tela la matunda hahitaji kuhesabu, kuna nusu saa nne, labda tano mvua ikinyesha, na nilijua pia kwamba nusu saa ya tatu iko pale kwenye mteremko, na kwamba tangu siku ile sijawahi kufunga kitu chochote nyuma ya gari, hata mkokoteni, hata kamba.

Lakini nilikwenda kutafuta, ningefanyaje, mtu aliyelala miaka mitano anakuomba kitu kimoja… kwanza nikalipenda lile kubwa la kule barabara ya Dar, Oscar mtoto wetu ndiye aliyeliona kwenye simu akiwa Dodoma, akanitumia picha, karavani la ekseli mbili, lina jiko, lina friji, lina kiyoyozi, taa kila pembe, nikaingia ndani nikatembea huku na huku kama mtoto kwenye sherehe ya harusi, nikasema hili hapa, hili ndilo linalomfaa, nikiwaza wakwe watakavyolizunguka kule Matombo, naona aibu kuwaza hilo sasa, nilitaka jambo kubwa, nyumba kubwa inayong'aa ya kufunika kitu… nikamleta Magreth akalione, akakaa kwenye kiti chake nje hakutaka kuingia, akamwomba mwenye nalo futi, akampa Sufiani apime mlango, mlango haupitishi kiti, akasema gonga sakafu pale pembeni chini ya dirisha, Sufiani akagonga kwa ngumi, mbao ikasema pu badala ya ta, imeoza, maji yameingia miaka na miaka chini ya zulia zuri, kisha akauliza uzito wake, alipotajiwa akanitazama akatazama pikapu yangu akasema, hili ndilo litakalokuvuta wewe. Tukaondoka. Na lile dogo tukalipata Mlali, kwa mzee Abdulmajid, mpima ardhi mstaafu, limekaa chini ya mwembe wake limewekewa matofali, jeupe lililofifia likawa rangi ya maziwa ya chai, ekseli moja, mlango mmoja mpana kwa sababu alikuwa anaingiza vyombo vyake vya kupimia, tukamwamkia akaitika marahaba, akatwambia amelala ndani yake porini miaka kumi na tisa na mkewe Raya, wakizunguka nchi kupima mipaka ya vijiji, na kwamba Raya alipofariki alishindwa kulala humo na alishindwa kuliuza, alisema hivyo bila kutuangalia, anafuta vumbi kwenye kitasa kwa kanzu yake. Magreth akasema naomba mnilaze. Mimi na Sufiani tukamwinua tukamwingiza, tukamlaza kwenye kile kitanda cha mbele, akasema tokeni wote, nipeni dakika kumi, tukatoka, tukasimama juani wanaume watatu, na ndani kimya, nikaogopa, nikasogea nikachungulia dirishani na nikamkuta amefungua macho, dirisha la kitanda kile liko chini sana, liko usawa wa jicho la mtu aliyelala, si la mtu aliyekaa, mtu alilikata hapo kwa kusudi, mzee Abdulmajid akaniambia Raya alitaka kuona alfajiri bila kuinuka… na Magreth alikuwa anaangalia nje, anaangalia migomba na bonde la Mlali na mlima kwa upande ambao hakuwahi kuuona, machozi yanateremka kuelekea masikioni, kwa sababu mtu aliyelala machozi yake huenda huko, na nikajitoa pale dirishani kama mwizi. Alipoita atolewe alikuwa mkavu kabisa, akasema hili, kisha akamuuliza mzee Abdulmajid swali moja tu, si la bei, si la umri wa matairi, akauliza, kikombe chake cha mbele, hiki cha kukamatia gari, ni cha milimita ngapi, mzee, akajibiwa hamsini, akarudia, hamsini, kama mtu anayeweka kitu mfukoni, na mimi nikajisemea looh, mwanamke huyu, mwalimu ni mwalimu tu, darasa la hesabu haliishi…

Mzee, sogea nyuma kidole kimoja, kidole kimoja tu, anasema Sufiani, naachia nusu, pikapu inapumua, naikanyaga tena, hapo hapo, anasema, usitikisike, na moyo wangu unapiga kwenye goti, wiki tatu tumeitengeneza pikapu hii na sina cha kuogopa, nimeona kila kitu kwa macho yangu, Sufiani si fundi wa kubahatisha, ameongeza jani moja kwenye springi za nyuma kila upande ili mkia usikae chini, ametoa bamba la zamani lililofungwa kwenye bampa, akasema nani alikufungia upuuzi huu, akafunga jipya kwenye chesisi yenyewe kwa bolti nane, amesafisha rejeta, amebadilisha oili ya gia, amevuta waya mpaka nyuma kwa ajili ya taa za breki na indiketa za karavani, akalifungulia magurudumu akakuta breki zake zimeganda, akazifufua, maana karavani hili lina breki zake lenyewe, likitaka kulisukuma gari kwenye mteremko linajibana, laiti tela langu la machungwa lingekuwa na breki hizo… ametafuta mizani ya kupimia magunia akakining'iniza kichwa cha karavani, kikawa kizito mno, akahamisha mtungi wa gesi na dumu la maji kutoka mbele kwenda juu ya ekseli mpaka ikasoma sehemu moja ya kumi ya uzito wote, akaniambia kichwa kikiwa chepesi mkia utacheza, mkia ukicheza hakuna dereva, na mimi nikaitika ndiyo, najua, kwa sababu najua, nani anajua kuliko mimi, nimevuta matela ya miwa miaka kumi na moja, matela manne kwa mpigo, nilikuwa ninaitwa nifundishe vijana, nilikuwa nawaambia mambo haya haya, shika kikombe, tikisa, kikicheza usiondoke, hata bosi akikuamuru usiondoke… na nikaondoka. Jumamosi ile ya mwezi wa sita, msimu wa machungwa, tumetoka kumsalimia Bibi Winfrida, tela limejaa mpaka juu, kirungu changu cha nyuma, kile cha chuma ambacho kikombe cha tela hukikalia na kukibana, kilikuwa kimeibiwa wiki ile, nikanunua kingine cha mtumba, muuzaji akasema vyote sawa, na kilipokaa nikashika kikombe nikatikisa na kikacheza. Kilicheza. Kidogo, kama jino la mtoto. Nikasimama pale na mkono wangu juu yake, naukumbuka ule ubaridi wa chuma, nikawaza machungwa yataharibika, nikachukua waya nikafunga, nikajiambia nitakwenda taratibu. Magreth alikaa mbele pembeni yangu, tulipoanza kushuka akauliza, mlio gani huo, nikasema, mzigo unajipanga. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake kabla ya kona. Mzigo unajipanga. Halafu kikombe kikaruka, waya ukashika, tela likavuta mkia wa gari kulia, kushoto, kulia, machungwa yanamwagika barabarani mengi ajabu, yanatupita, yanatangulia mbele yetu, na mlango uliokutana na jiwe ulikuwa mlango wake… na watu walipokuja nikasema tairi limepasuka. Sijui lilitoka wapi. Lilitoka lenyewe, tairi limepasuka, nikamwambia shemeji, nikamwambia padri, nikamwambia Oscar kwenye simu, na siku ya tatu hospitalini alipokuja askari wa usalama barabarani na daftari lake, kabla sijafungua mdomo Magreth kitandani akasema, tairi lilipasuka, nilisikia mwenyewe. Nikashukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba maumivu yamemchanganya akasikia kitu ambacho hakikutokea, na kile kirungu nilikuwa nimeshakifungua nikakitupa mtoni, hakuna aliyekiona, hakuna aliyejua, hakuna duniani…

Halafu Sufiani anacheka kidogo huko nyuma, namsikia, anasema, mama kwenye vipimo ni fundi kuliko mimi, mzee, leo kabla hujatoka kule chini ya gari ameniita akaniambia nimpe hiki kirungu akishike mwenyewe, nikampakatisha, akakipangusa kwa kitenge akatafuta namba juu yake mpaka akaisoma, hamsini, akasema ndicho, kifunge… jeki imesimama, anatafuta kitu, kitambaa labda, grisi, na anaendelea kusema kwa sauti ya mtu aliyeinama, anasema, maana kile cha ajali yenu anasema kilipungua milimita mbili, kilikuwa cha vipimo vya inchi, hivi vya inchi vimeua watu wengi, ukivitazama vinafanana kabisa na cha hamsini, mama anasema aliisoma ile namba pale pale chini kwenye majani alipolazwa, akaishika kichwani, baadaye akamwomba Oscar amtafutie kwenye simu inchi zile ni milimita ngapi, zimepungua milimita mbili, mzee, wee, kitu kidogo hivyo… kri, kri, jeki inaendelea. Na mimi niko hapa. Mguu uko kwenye breki. Mbele ya kioo cha mbele kuna ukuta wa karakana, umeandikwa kwa rangi nyekundu tunafunga springi tunachaji betri, nasoma, tunafunga springi, tunachaji betri, nasoma tena, maneno yanapita. Alisoma namba. Walimtoa kwenye gari wakamlaza kwenye majani, nyuma ya gari, mimi ndiye niliyewaambia mlazeni hapo pana kivuli, na mimi nikakimbia huku na huku na simu natafuta mtandao, nikipanda kichuguu nikishuka, saa nzima na zaidi mpaka lilipokuja gari la misheni, na hiyo saa nzima hawezi kugeuza shingo, macho yake yako usawa wa kirungu, hana kingine cha kutazama, kirungu na waya wangu umening'inia juu yake, waya nilioufunga mimi, mikunjo yangu, kila mtu nyumbani anaijua mikunjo yangu… amekitazama akakisoma akakihifadhi, na matairi ya nyuma ameyaona mazima, na siku ya tatu akasema tairi lilipasuka nilisikia mwenyewe. Alisema kwa sauti ya darasani, sasa naisikia, naisikia kama amesema leo, haikuwa sauti ya mtu aliyechanganyikiwa, ilikuwa sauti ya mwalimu anayefunga mjadala, askari akaandika, akafunga daftari, mimi nikabaki huru. Nikarudi nyumbani kwangu. Nikampikia uji. Angesema neno jingine siku ile ningekuwa wapi, na nani angemgeuza kitandani, lakini si hilo, usianze kujidanganya, mzee, hakusema vile ili apate wa kumgeuza, ndugu zake wapo, wangemchukua, Bibi Winfrida alikuwa bado anatembea, alikuja na gunia la ndizi akasema nimpeleke mwanangu nyumbani, na Magreth akakataa, akasema nitakaa na mume wangu, mbele yangu, nikaona fahari, mpumbavu mimi, nikaona fahari…

Na ule mwaka wa kwanza aliogeukia ukutani, nilisema ni maumivu, daktari alisema ni maumivu, miezi minne mitano haniangalii usoni nikimlisha, anafungua mdomo, anameza, macho yako ukutani, sasa nayaelewa yale macho, alikuwa na hasira kubwa kama nyumba, kubwa kuliko kitanda, na alikuwa nayo peke yake mule chumbani, mchana kutwa, na mimi ninaingia na kutoka na sufuria zangu nikimuita mama, mama kula, mama geuka, na yeye anajua, ananiona navyojifanya, anangoja niseme, labda kila asubuhi alisema leo atasema, na kila jioni sijasema, simu na mama yake imefunguliwa wamenyamaza dakika kumi, angeweza kulitoa pale, mama, halikuwa tairi, maneno matatu tu, hakuyatoa. Siku elfu moja na mia nane na zaidi. Nimevuta matela ya miwa, nimevuta machungwa, nilijiona mwanaume wa kuvuta mizigo, na kumbe ndani ya nyumba yangu kuna mtu asiyeweza kuinua miguu yake mwenyewe anavuta kitu ambacho mimi nisingekisogeza hatua… na ile siku, sijui ni siku gani, sikuiona, kuna asubuhi aligeuka kutoka ukutani, akaniangalia, akaniambia uji wako hauna chumvi, Baba Oscar, nikafurahi nikasema dawa zimeanza kufanya kazi, nikampigia Oscar kumwambia dawa zimefanya kazi. Dawa gani. Ni nini kilitokea usiku ule au mchana ule ndani ya kichwa chake, alikiweka wapi, mtu anaweka wapi kitu cha namna ile, najaribu kukiona na sioni mwisho wake, ni kama unaposimama chini kabisa ya mlima ukainua kichwa na kofia inaanguka… na sasa amechagua kurudi. Hilo ndilo linalonitetemesha, si kwamba alijua, bali kwamba alijua na akasema vuta kitanda. Anajua mteremko uko wapi. Anajua mkono ulioshika kikombe kinachocheza ukasema twende, ndio mkono huu huu utakaoshika usukani, na atalala kwenye kiti cha mbele tulichokilaza kwa ajili yake, pembeni yangu, upande ule ule, mlango ule ule, kwa nusu saa nne au tano, wakati angeweza kusema Oscar aendeshe, Oscar aliomba mwenyewe, alipiga simu akasema baba mimi nitakuja kuendesha, na Magreth akajibu hapana, baba yako ataendesha. Nilidhani ananipa moyo. Alichofanya ni kupima mlango, kupima sakafu, kupima kikombe, kupima kirungu kwa mikono yake, akahakikisha kila kitu kinachoweza kupimwa, kisha akaniacha mimi, kitu pekee hapa uwanjani kisicho na namba juu yake, akaniweka kwenye usukani hivyo hivyo nilivyo. Sijui jina la kitu hiki. Kanisani wana maneno yao lakini nimeyasikia mara nyingi mno hata yamekuwa mepesi, hiki si chepesi, hiki kimekaa kwenye kifua changu kina uzito wake wote na hakiniumizi, kinanitisha tu, namna mtu anavyotishwa na maji mengi au na anga asubuhi ya wazi, nataka kuvua kitu, viatu labda, na siwezi kuvua viatu kwa sababu mguu uko kwenye breki…

Kwenye kioo anaangalia huku. Si karavani tena, anaangalia kioo, anajua namwona, macho yetu yamekutana ndani ya kile kioo kirefu na hakuna anayeyaondoa, uso wake mdogo, mvi zimetoka pembeni mwa kilemba, ameweka mikono miwili mapajani pale kirungu kilipokuwa, kuna alama ya grisi kwenye kitenge chake kipya na hajaifuta, na ninaona, siwezi kuapa lakini ninaona, kwamba amemsikia Sufiani, kila neno amelisikia, uwanja huu mdogo, na kwamba hakumkatiza. Alimwacha aseme. Labda ndiyo maana alimsimulia. Labda alichoka kunisubiri nipande mwenyewe akaniwekea ngazi… na nusu saa yake inaisha, lazima tumlaze sasa hivi, nimepanga kumwambia Mkuyuni tukisimama mara ya kwanza, nitamlaza pale kitandani usawa wa dirisha, nitamfunika, nitakaa kwenye ile ngazi ya mlango nimpe mgongo ndipo nitaweza, ndiyo, Mkuyuni, nimeamua, Mkuyuni, na mkono wangu unazungusha kioo cha mlango kinashuka, sikuutuma, joto la uwanjani linaingia na harufu ya grisi na sauti ya jeki, kri, kri, natoa kichwa nje na shingo inaniuma kugeuka, namwona sasa bila kioo, mkubwa, wa kweli, yuko hatua kumi tu.

"Mama Oscar."

"Nakusikia."

"Siku ile nilijua. Nilikishika kikacheza. Nilijua."

Jeki imenyamaza. Sufiani yuko chini ya kichwa cha karavani, namwona kisigino kimoja tu, hakitikisiki, hata yeye ameelewa. Magreth hajafanya chochote. Anaangalia. Kifua chake kinapanda kinashuka, kinapanda tena, anavuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika mahali, na mimi nipo dirishani na shingo yangu imepinda, tayari kwa lolote, sitaki kupunguziwa, liwe lolote, nitalipokea, na mguu wangu, sijui tangu lini, umelegea, pikapu imesogea, imesogea unywele tu, jiwe limelia chini ya tairi.

"Kanyaga breki, Baba Oscar," anasema. "Fundi ana mkono chini."

Nikakanyaga.